Ukimya wa Mnara wa Majimoto

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepanda mnara wa Sitalike mara mbili leo. Mara ya kwanza na kamba, mara ya pili na antena. Magoti yamelalamika, nimeyapuuza. Nyuki walikuwa wamejenga ndani ya bomba la waya. Masanja, mlinzi wa moto anayeshinda juu kule, aliwatoa kwa moshi kidogo, hakuumwa hata mara moja.

Kirudishi kimefungwa. Vijana wa chama chetu cha redio ya ridhaa wanakiita ripita, na waite. Kazi yake ni kupokea sauti dhaifu ya redio ya mkononi na kuirusha tena kwa nguvu, ivuke vilima. Mpaka sasa mlinzi akiona moto msituni hulazimika kushuka na kutafuta mahali penye mtandao wa simu. Moto haungoji.

Masanja amefaulu mtihani wa leseni. Nilimfundisha mwenyewe. Anasema "nyie" badala ya "nyinyi", lakini mawimbi anayajua.

Alhamisi, 7 Agosti
Mnara wa pili, upande wa Majimoto, na kirudishi cha pili. Upepo mkali. Vumbi hadi kwenye chai. Mlinzi wa huku ni Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma. Ni binamu yake Masanja: huyu mtoto wa mjomba, yule mtoto wa shangazi. Alikuwa amekaza nati zote kabla sijamwagiza. Leseni anayo, naye ni mwanafunzi wangu.

Nyasi chini ya mnara zimefika kiunoni na zimekauka. Nimemwambia Bi. Leokadia, ofisa misitu, zifyekwe. Wafyekaji watakuja wiki ijayo, amesema.

Tukajaribu. Masanja alisikika kutoka Sitalike kana kwamba amesimama kando yangu. Nilifurahi. Sikuonyesha.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimerudi nyumbani, Makanyagio. Asubuhi niliwasha redio kabla ya uji. Aibu. Masanja anamwuliza Kabula kama bado hajafa, maana yeye ameshanunua mchele wa msiba. Kabula anamjibu kwamba hafi mpaka aone mwanamke atakayekubali kuolewa na masikio ya punda. Wakacheka. Mitambo tuliyoifunga kwa jasho inatumika kwa hayo.

Niliingia hewani papo hapo na kutoa amri. Anayeona moshi aseme. Asiyeona moshi anyamaze. Hakuna jingine.

Bi. Leokadia alinipigia simu kuwatetea. Hao ni mabinamu, kwa hiyo ni watani, alisema, na watani wasipotaniana watu hudhani wamegombana. Nikamjibu kwamba wataniane sokoni. Akasema, "Haya, mzee." Sikupenda namna alivyolisema.

Jumapili, 10 Agosti
Kimya hewani. Kanisani nilikuwa na amani.

Jumatatu, 11 Agosti
Kimya. Hivi ndivyo kazi inavyopaswa kuwa.

Jumanne, 12 Agosti
Naandika ndani ya gari. Mwandiko mbaya.

Asubuhi nilitaka kukagua mitambo. Nilibonyeza kitufe cha redio, na kirudishi cha Majimoto kikajibu kwa mlio wake. Nikamwita Kabula. Nikamwita tena. Mashine ilijibu, mtu hakujibu.

Nikamwita Masanja. Anaona moshi upande wa Majimoto tangu jana alasiri. Nilimkaripia: kwa nini hakusema? Alisema si eneo lake, tena Kabula aliye karibu nao alikuwa kimya, kwa hiyo alidhani ni mabua yanachomwa shambani. Mimi ndiye niliyeagiza kwamba kimya maana yake hakuna moshi.

Kisha akasema neno lisilonitoka kichwani: "Mzee, kama angekuwa ananitukana, ningejua tangu jana asubuhi."

Nilimwamuru abaki mnarani. Hakuitikia. Bila shaka ameshuka na kuchukua bodaboda.

Bi. Leokadia anaendesha kwa kasi. Moshi unaonekana sasa kutoka barabarani. Si wa mabua. Naogopa.

Jumatano, 13 Agosti
Yu hai.

Aliteleza Jumatatu asubuhi kwenye ngazi, akishuka kuchota maji. Mguu ulivunjika chini ya goti. Redio ilibaki juu. Alipoona moto unakuja, alijiburuta mpaka kwenye nyasi za upande wa pili wa mnara, akaziwasha mwenyewe kwa kiberiti, kama baba yake anavyochoma kuzunguka zizi kila kiangazi. Nyasi zikaungua, akajiburuta tena akalala juu ya majivu. Moto mkubwa ulifika usikute cha kula, ukapita pembeni.

Tulimkuta Masanja ameshafika. Alikuwa amemwegemeza kwenye nguzo na kumnywesha maji. Wote wawili weusi kwa masizi.

"Mchele wangu utaingia wadudu," Masanja alimwambia.

"Upike kwenye harusi yako," Kabula akasema. "Ukimpata kipofu."

Nilisimama kando. Kisha nikapanda kukagua mitambo.

Kirudishi ni kizima. Waya mmoja tu umebabuka.

Jumamosi, 16 Agosti
Hospitali. Kabula amefungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa, mguu umening'inizwa. Hatapanda mnara tena kiangazi hiki. Nilimwambia kwamba amri ilikuwa yangu na kwamba ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimepanga maneno mengi; hayo ndiyo yaliyotoka. Aliniangalia kidogo, akauliza kama zile nyasi zimefyekwa. Nilimwambia zimeungua zote. Akacheka mpaka mguu ukamuuma. Mimi sikucheka, lakini nilimwekea mto vizuri.

Jumatatu, 18 Agosti
Amri mpya: kila asubuhi minara isemezane. Nilijaribu kuandika watasema nini. Nilifuta mara kadhaa. Nimeacha hivyo hivyo.

Mnara wa Majimoto umepata mlinzi wa muda, Ezekieli, kijana mtaratibu ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Leo asubuhi Masanja alimwita. Ezekieli akajibu sawasawa kabisa: yuko salama, hakuna moshi.

Masanja akamwuliza amezaliwa wapi. Akamwuliza kama kwao wanafuga. Akamwuliza mama yake ni wa ukoo gani, na kama hakuna shangazi yeyote aliyeolewa kwa Wasukuma, hata wa mbali.

Uji ulipoa. Sikuizima redio.