Goti la Uwanjani, Lawama kwa Mama

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijamwangusha mama yangu kwenye ngazi. Mimi ni fundi wa lifti na naishi ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, cheka tu, wenzangu kazini wameshacheka, na mama yangu, ambaye kiharusi kilimpooza miguu, naishi naye, mimi ndiye ninayembeba mgongoni kumpeleka mazoezi ya viungo kila Jumanne na Ijumaa. Sasa miezi miwili iliyopita kulikuwa na mechi ya waliooa na wasiooa, nami nilikuwa nimemwapia mke wangu kwamba mpira basi, lakini wakapungukiwa mtu, nikaingia, mguu ukashika chini, nikageuka nipige shuti, mwili ukaenda goti likabaki, nikasikia "ka!" humo ndani, wala hakuna aliyenigusa. Nyumbani nikasema nimeumia nikimbeba mama. Mke wangu akamwambia dada yangu, dada akamwambia mama apunguze kula, mama akaitikia. Eksirei ikatoka safi, nikajihesabu mzima, kumbe goti linakwama likikunjwa mpaka golikipa wetu alivute, na siku nyingine linaniachia tu. Ijumaa iliyopita liliachia tukiwa kwenye ngazi, nikadaka chuma cha pembeni, na mama huko mgongoni akaninong'oneza, "Pole mwanangu, nitapungua zaidi." Tangu siku hiyo anarudisha sahani ikiwa nusu. Nifanye nini goti lipone haraka?

Fundi Lifti

Marahaba, bingwa. Mama yako anajinyima chakula, na wewe unaniuliza habari za goti. Haya, tuanze na hilo goti lako tukufu.

Kati ya mfupa wa paja na ule wa muundi kuna gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga. Zinapokea uzito, mifupa isisagane. Katikati ya goti kuna kano mbili zilizopishana, zinazozuia mfupa mmoja usiteleze juu ya mwenzake. Mguu ukishika chini halafu mwili ukageuka, gegedu hubanwa na kuchanika. Kipande kikijipenyeza katikati, goti linakwama, kama mlango wa lifti uliowekewa kijiti, na hilo unalijua kuliko mimi. Likianza kukuachia, huenda kano nayo imekatika. Eksirei yako ilikuwa safi kwa sababu inaonyesha mifupa, gegedu haionyeshi. Na huyo golikipa amesomea wapi kuvuta magoti? Mabao kwanza ameyazuia mangapi?

Pole, lakini. Najua maumivu hayo, na najua kumbeba mzazi siku mbili kila wiki si mchezo. Wewe si mtoto mbaya, ni mwongo mwoga tu. Ulimwogopa mkeo, ukamsingizia mgonjwa asiyeweza hata kusimama ajitetee.

Sasa sikiliza. Mpira umekwisha, na safari hii usiape, acha tu. Nenda kwa daktari wa mifupa wiki hii, mweleze ule mlio, kukwama na kuachia, atakupima kwa mikono yake na pengine akuandikie kipimo cha sumaku, MRI, kinachoonyesha hata gegedu. Yeye ndiye atakayesema kama ni mazoezi au upasuaji. Golikipa asiliguse tena. Mama asipandishwe mgongoni kwako hata ngazi moja, akae kwenye kiti imara, wakibebe watu wawili wenye magoti mazima, na hao waliooa uliowaokoa uwanjani wana deni la shukrani, waite.

Hayo yote yanaweza kungoja kesho. La leo ni moja. Jina lako nimelificha, ila mafundi lifti wanaobeba mama zao ghorofa ya tatu si wengi, na mkeo anajua kusoma. Ingia chumbani kwa mama sasa hivi, kabla gazeti hili halijakutangulia, umwambie: "Mama, niliumia uwanjani. Hukuniumiza wewe." Atakutukana, nawe utulie utukanwe. Kisha mletee chakula, ukae hapo mpaka sahani iishe.