Chumba Chako cha Kolwezi

Kasulo, Kolwezi

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi mlangoni, goti lako umelielekeza juani, na Musa yuko kando yako anakusomea. Musa, mdogo wangu, soma polepole, na usiruke mahali utakapoona haya. Goti limepoa, mama? Mpunga umetoka vizuri? Mimi na wajukuu zako ni wazima. Nimechoka tu, uchovu ule wa kulala nao na kuamka nao.

Musa aliniambia kwenye simu kwamba alipokuomba uje huku kututembelea ulimjibu, "Kolwezi kuna nini cha kuona? Si vumbi tu?" Nilicheka, halafu nikabaki na swali lako siku nzima huku nikikaanga mandazi ya kuuza. Vumbi lipo, sikufichi. Malori ya madini yakipita, nguo nilizoanika zinageuka nyekundu, nami nazirudisha kwenye beseni. Lakini mji wenyewe ni mzuri, hasa asubuhi.

Ukija nitakutembeza kwanza katikati ya mji, kabla malori hayajaanza. Barabara za huko ni pana, na zina miti pande zote mbili tangu wakati wa Wabelgiji. Majira yake yakifika, maua ya rangi ya zambarau yanaanguka mpaka unakosa pa kukanyaga. Ijumaa utaswali na akina mama wa kwetu. Wako wengi hapa, waume zao ni wachuuzi na madereva, na ukifumba macho utadhani uko Kasongo, kwa jinsi wanavyojua kusengenya. Siku nyingine tutakwenda ziwani, Nzilo, tule samaki wa kukaanga na bukari, ugali wao wa mahindi, maana wali kama wa kwako sijauonja tangu niondoke. Mvua zikianza kuna viwavi sokoni, vinene kuliko vya kwetu, ingawa najua utabisha. Ukitaka kuona treni tutakwenda hadi Dilolo, mpakani na Angola. Mume wangu Ramazani huenda huko na lori lake likiwa zima, lakini unamjua, akikaa kiti kimoja na mkwewe atakufa kwa aibu. Mimi na wewe tutapanda basi.

Kuna kitu kimoja ambacho hutakiona mahali pengine. Hapa mtaani Kasulo watu wamechimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, uani, sebuleni, hata jikoni. Wameweka turubai juu ya mashimo, na huko chini wanapita kutoka ua hadi ua. Basi ukitwanga majani ya sombe uani kwako, unasikia ardhi inaitikia chini kama debe tupu, na watoto wanakimbia nje. Ndiyo maana sisi wanawake tunabeba vinu vyetu hadi kando ya barabara ya lami, ambako hawaruhusiwi kuchimba, na tunatwanga hapo, mmoja karibu na mwingine, huku madereva wakitupigia honi. Tunawatukana, tunacheka. Nitakupa mchi wangu, uwaonyeshe jinsi watu wa Kasongo wanavyotwanga. Kisha tunajitwika vinu na kurudi nyumbani, tukikanyaga taratibu.

Sasa nikuambie kilichonisukuma kuandika. Lori la Ramazani limekufa injini na limesimama tu. Jirani yetu, Tata Kalenga, amechimba kutoka kwake hadi kwenye ukuta wetu, na anasema mawe mazuri yako chini ya chumba chetu cha nyuma. Anataka atoboe sakafu, tugawane. Mama, chumba hicho ndicho nilichokutengenezea wewe. Nimekitandika kitanda, nimetundika chandarua, mkeka wa kuswalia uko tayari. Wakianza hapo hawataacha, na nyumba hii itabaki kuta juu ya shimo. Naogopa, mama. Wanangu wanalala ndani ya nyumba hii hii.

Ramazani si mtu mbaya. Amechoka kama mimi, na alikuwa karibu kukubali. Sikugombana naye. Nilimwambia tu kwamba chumba kile ni cha mama. Kesho yake Tata Kalenga alikuja na vijana wake, nami nilikuwa naosha vyombo, nikawasikia mlangoni pa chumba kile.

"Tata Ramazani, ingia utuonyeshe tu fasi ya kutobola."

"Mi siingie mule. Ni chumba ya mama mukwe."

"Mama mukwe yako iko mule sasa?"

"Hapana."

"Sasa unaogopa nini?"

"Hata haiko, ni kwake."

Alisimama hapo, mtu mzima na ndevu zake, hakuvuka kizingiti. Nilimpenda siku ile kama siku ya ndoa yetu. Lakini Tata Kalenga hurudi kila mara, akiuliza, "Huyu mama tunamungoya mpaka lini?" Wiki hii Ramazani aliangalia chini.

Kwa hiyo njoo, mama. Yale ya ziwa na treni ni ya kweli, ila nakuomba zaidi ulale humo ndani, ukohoe, uache kandambili zako mlangoni, wote wajue chumba kina mwenyewe.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake mkaidi, shangazi aliyenisuka nywele za arusi, na mwalimu wangu wa Kurani, kama bado ananikumbuka.

Na kama goti limekataa kabisa safari, mpe Musa kitenge chako kimoja, kile ulichozoea kuvaa, anitumie kwa wachuuzi wanaokuja huku. Usikifue. Nitakitundika kwenye mlango ule. Ramazani akikiona atainamisha kichwa na kupita, nami nitapata usingizi.

Mwanao,
Zaituni