Roboti Iliyosimama Kwanza

Ngaramtoni, Arusha
14 Juni 2025

Kaka yangu Lekishon,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mtwara, na kazi ya barabara iwe inakwenda. Huku tupo. Kifua cha mama kimetulia kidogo, ingawa baridi ya Ngaramtoni mwaka huu ni kali na mvua zimechelewa kuisha. Mahindi ya bondeni yameoza. Watoto wako wanakwenda shule.

Mkono wa wifi Naisiae unapona, ila vidole viwili havikuokolewa. Najua ofisi ya kiwanda ilikupigia ikasema ni uzembe wake. Najua pia ulimgombeza, ukamuuliza alikuwa anaangalia wapi. Tangu siku hiyo haongei sana. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu nitalia, na wewe utakata.

Nilikuambia kuhusu roboti iliyoletwa kiwandani kwetu Kisongo kunyanyua kreti za parachichi. Ni mkono wa chuma tu, umefungwa sakafuni, na mwanzoni ulikuwa unajirusha ghafla. Kina mama wa kupaki wakaikataa. Wifi, anayepaki nao, ndiye aliyewasemea: akamwambia meneja kwamba kitu kinachokurupuka namna ile hawawezi kukipa mgongo. Meneja akanipa mimi kazi ya kurekebisha mwendo wake, kwa kuwa nilisomea mitambo.

Nikaipunguza kasi. Nikaifanya ikifika juu ya kreti isimame kidogo, iiname kama mtu anayetazama chini, ndipo ishuke taratibu. Haikupita wiki wakawa wanaitania, wanaiita shemeji. Wifi alikuwa wa kwanza kufanya kazi karibu nayo.

Siku ile kreti ilikaa upande. Roboti ikasimama, ikainama. Wifi akaingiza mkono kuiweka sawa. Ikashuka.

Hospitalini aliniambia, "Lakini ilisimama, wifi. Iliniona."

Kaka, haikumwona. Haina jicho wala kifaa cha kuhisi mtu. Kule kusimama ni sekunde mbili nilizoziweka mimi, mtu awepo asiwepo. Kabla ya ajali nilimweleza meneja kwamba kina mama wanadhani inawaona. Akasema tuwaache, mradi kazi inakwenda. Nikawaacha. Hata wifi, ninayekula naye sahani moja, sikumwambia. Na siku alipoitwa mzembe, nilikuwa nimekaa palepale, kimya.

Jana nimepeleka maelezo yangu kwa mkaguzi wa kazi, na kiwandani sirudi. Leo asubuhi nimemwambia wifi yote. Akaniomba nimfungie kilemba, maana kwa mkono mmoja hawezi. Nikamfungia.

Mpigie, kaka. Usianze na habari zangu, anza kwa kumwomba radhi. Hasira zako kwangu nitazipokea zikija.

Mama anakusalimu sana, na watoto pia. Mungu akutunze huko kazini.

Ni mimi mdogo wako,
Nanyori