Viatu Ulivyoshona, Viatu Nilivyouza

Mpendwa Baba Hadija,

Juzi redioni bwana mmoja alikuwa akihimiza watu wanunue vitu vilivyotengenezwa Uganda. Alisema mzalendo hutambulika kwa anachovaa. Nilikuwa dukani natundika viatu vya kutoka China, nikachoka ghafla hata nikakaa juu ya gunia. Nikakuwaza wewe huko Mpumudde, Jinja. Miaka sita sijakuandikia. Naandika wazi, na wengine wasome, maana kilichotutenganisha si chetu peke yetu.

Unakumbuka chumba chetu cha Namakwekwe, hapa Mbale? Wewe Mnubi wa Jinja, mimi Mgisu wa mlimani. Lugha yako sikuijua, na yangu hukuijua, tukakutana katika Kiswahili. Majirani wakatuita "maafande", kwa kuwa kwao Kiswahili kilikuwa cha jeshi tu. Ulicheka sana. Ulishona viatu barazani, ngozi umeibana kwa magoti, na harufu ya gundi ikaingia mpaka kwenye chai. Hadija alipoanza shule ulimshonea viatu vyeusi. Vilipombana vikaenda kwa binamu yake, kisha kwa mwingine, na soli ni ileile.

Sisemi ulikuwa malaika. Ulichelewa. Mteja ulimwahidi Ijumaa, akavipata Ijumaa ya tatu. Vilikuwa vizito pia, na Hadija alilalamika kwamba wenzake wanamcheka. Nilipotaka kufungua duka la viatu vya nje hukunizuia. Tulihitaji kula. Ulisema tu, "Mama Hadija, wewe uza, mimi nitashona. Miguu iko mingi hapa Mbale."

Kisha mkuu wa shule ya jirani akakuita. Alitaka wanafunzi wake wavae viatu vyako muhula mpya, akaahidi kuwashauri wazazi. Sijapata kukuona na furaha ile. Uliweka mafundi wawili, mkashona miezi miwili, hata tukalala na viatu chini ya kitanda. Zamu hii hukuchelewa. Nami, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, nikaenda Kampala kuleta magunia matatu ya viatu vyeusi vya plastiki. Nilijua ninachofanya. Nilijiambia nisipovileta mimi, jirani atavileta.

Wazazi wakashauriwa, wakaitikia, wakaja kwangu. Vyangu vilikuwa rahisi. Siku ya tatu ukaja dukani na jozi kumi ndani ya gunia.

"Niuzie hivi," ulisema. Hukunitazama usoni.

Nikavipanga rafu ya juu kabisa. Akaingia mama mmoja na binti yake, akanyoosha kidole kule juu. "Ile iko aje?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Ile ni nzito, mama. Ile ni ya hapa tu. Chukua hii, hii ni ya nje."

Sikujua kwamba ulikuwa bado mlangoni unafungua baiskeli. Uliingia, ukapanda kwenye kigoda, ukashusha jozi zako moja moja na kuzirudisha guniani. Yule mama alikuwa amesimama njiani. Ulimwambia kwa upole, "Samahani, mama, naomba kupita." Ukalifunga gunia kwenye baiskeli, ukaondoka. Natamani ungenifokea mimi. Ningekuwa na jibu.

Viatu vile uliviuza vijijini, kidogo kidogo, na kabla muhula haujaisha ukarudi kwenu Jinja. Hadija ndiye aliyenieleza kwamba umepata kazi kwenye kiwanda cha ngozi, unapakia ngozi zinazopelekwa nje ya nchi. Siku hiyo nilifunga duka mapema. Mikono iliyojua kushona ngozi, sasa inaibeba tu mpaka kwenye lori.

Watu huniuliza, kwa kuwa niko sokoni, kama ni vizuri kununua cha kwetu. Zamani nilikuwa na maneno mengi. Siku hizi naona mjane mwenye watoto wanne miguu peku hana la kuhubiriwa. Yeye hachagui, anaokota kinachofikika. Lakini mimi nilikuwa na chaguo. Ningeweza kuleta gunia moja badala ya matatu. Ningeweza kusema, "Hivyo alishona mume wangu, vijaribu." Hilo lisingenigharimu kitu. Cha nje sikukiuza kwa kuwa ni kizuri. Nilikiuza kwa kukidharau chako, na wewe ukiwa unasikia. Najua kilikuwa chako ndiyo, lakini nilichokidharau kilikuwa chetu.

Sikuombi urudi. Tumezoea hivi, na Hadija ametuzoea hivi. Nilitaka tu ujue kwamba nilikuona siku ile ukishuka kwenye kigoda, na kwamba nakuona mpaka leo.

Jumamosi iliyopita alikuja mwanamke kununua viatu vya mtoto. Nilimwambia ukweli, kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka. "Mama, hivi vitapasuka kabla muhula haujaisha."

Alivigeuza, akabonyeza soli kwa kidole gumba. "Najua," alisema. "Vya mwaka jana vilipasuka pia. Nani anashona vingine hapa?"

Sikuwa na jina la kumpa. Akavichukua, akaenda.

Mungu aitunze mikono yako, Baba Hadija. Nimechoka, naishia hapa.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Hadija