Nimekubali Kutafsiri Kifaransa Kanisani

Mpendwa mshauri Bi Waridi, naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, kwa sababu Jumapili ya pili ya mwezi ujao haiko mbali, na siku hiyo nitasimama mbele ya watu mia mbili nitafsiri mahubiri ya Kifaransa, na mimi Kifaransa sikijui, au niseme ninajua kipande kimoja tu, lakini hicho kipande ninakijua sawasawa.

Mimi ni baba wa watoto wanne, naishi Mukuru kwa Reuben, nafanya kibarua katika kiwanda cha sabuni, na shule niliachia darasa la tano kule Bungoma. Binti yangu wa kwanza, Mitchelle, yuko kidato cha pili na anasoma Kifaransa, na mwaka jana walipofika kwenye vitenzi vya mambo mtu aliyokuwa akiyafanya zamani, wenyewe wanaita imparfait, vikamshinda, basi akaniomba nishike kitabu nimwangalie akikariri, nikamwambia hayo siyawezi, akanionyesha: unachukua kitenzi kama parler, kuongea, unakisema kwa sisi, nous parlons, unakata ile ons, mahali pake unatia ais, ais, ait, ions, iez, aient, na kazi imekwisha. Bi Waridi, nilishangaa, kwa sababu vitenzi vyote vya kawaida vinakubali, finir, kumaliza, inakuwa je finissais, vendre inakuwa je vendais, nilikuwa nauza, attendre inakuwa j'attendais, nilikuwa nangoja, na miisho minne kati ya hiyo sita inatamkwa sawa kabisa, sikio halisaidii kitu, kwa hiyo nikamnunulia chaki nikamwambia andika hapa kwenye mabati, nami nikawa nakagua herufi moja moja, akisahau t ninaiona hata nikiwa mlangoni naosha miguu. Mwisho wa mwaka akawa wa kwanza darasa zima, na mimi mtu mzima nikalia.

Hapo ndipo nilipojiponza. Asubuhi tukingoja getini nyapara achague watu, nikawa nakariri, wenzangu wakanibandika jina Mfaransa, hata nyapara mwenyewe, Bwire, akaanza kuniita wa kwanza, "Mfaransa, ingia," na wakiniuliza nikawa najibu kwamba mtoto ninamfundisha mimi mwenyewe kila jioni, na maneno hayo yakafika kanisani kwetu. Pasta Wakoli akatangaza kwamba tuna mhubiri mgeni kutoka Bukavu, Zaire, na kwamba Mungu ametuwekea mkalimani humu humu ndani, akanisimamisha, watu wakapiga makofi, na mimi badala ya kukataa nikainua mkono kama mtu anayepokea. Sasa mke wangu amepeleka suti yangu ya harusi kwa fundi ikapanuliwe.

Kinachoniumiza zaidi ni huyu Mitchelle. Siku ile jioni nilipomletea chaki akafunga kitabu akaniambia, "Baba, si wewe ndio mwalimu? Leo jisomee." Hii ni wiki ya tatu hatujaandika kitenzi hata kimoja, na mtihani wake unakuja. Nadhani anaogopa nitamwaibisha mbele ya mgeni. Nifanye nini, nijifanye mgonjwa siku hiyo, nisafiri, ama nijaribu tu hivyo hivyo?

Wekulo, Mukuru kwa Reuben

Ndugu yangu Wekulo,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini, na mara ya pili sikucheka.

Tuanze na sifa, maana unastahili. Mtu aliyeishia darasa la tano, ametoka kubeba sabuni kutwa nzima, halafu anagundua herufi iliyokosekana katika kitenzi cha lugha asiyoijua! Wapo akina baba wenye digrii huko mtaa wa Fedha ambao hawajui hata daftari la mtoto lina rangi gani. Jivune, na usimwombe mtu radhi kwa hilo.

Sasa huyu mgeni. Mimi ni mkazi wa Majengo, na soko la Gikomba liko hapa mlangoni kwangu. Wafanyabiashara wa Bukavu ninawaona kila wiki wakichagua mitumba, na bei tunapatana kwa Kiswahili. Chao kina mambo yake, lakini ni Kiswahili. Kanisa zima, pasta akiwa mbele, mmesikia Zaire mkarukia Kifaransa, wala hakuna aliyemuuliza mgeni mwenyewe anaongea nini. Mwambie pasta amuulize. Huenda hahitaji mkalimani hata kidogo.

Najua hapo umeshusha pumzi ukadhani umeokoka. Hujaokoka. Mhubiri hata akija na Kiswahili kitamu kuliko changu, nyumbani kwako bado kuna mtoto aliyefunga kitabu, na sababu uliyonipa siyo. Mitchelle hamwogopi mgeni. Mitchelle amekaa kwenye benchi akasikia baba yake akishangiliwa kwa kazi aliyoifanya yeye. Ni nani aliyemwonyesha mwenzake kukata ons na kutia ais? Umeniandikia kwa mkono wako, halafu getini ukasema kinyume. Ulikuwa na jambo zuri la kujisifia, mtoto anayeweza kumfundisha mzazi wake, ukaliacha ukachukua la uongo ambalo ni dogo zaidi. Hilo limenikasirisha, nakuambia wazi.

Kwa hiyo usiugue na usisafiri. Leo hii nenda kwa Pasta Wakoli umweleze yote, bila kumsingizia yeyote. Nyumbani muombe binti yako msamaha kabla hujamtajia kitabu. Kisha Jumapili hii, si ile ya mgeni, omba nafasi ya ushuhuda, vaa hata shati la kazini, na useme hivi: "Kifaransa sijui. Kile kidogo nilicho nacho nimefundishwa na binti yangu Mitchelle, jioni nikiwa nimechoka, na hakuwahi kunikasirikia nilipokosea." Ukimaliza, keti. Usiongeze neno, maana siku hiyo sifa ni za mwalimu wako.

Bi Waridi