Nukta Nyeupe Katikati ya Kichwa

Issenye, Jumamosi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za nyumbani, kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Likizo iliyopita, uliponituma kwa mjomba kule machimbo ya Nyamongo, nilikamua zebaki iliyonasa dhahabu kwa mikono mitupu. Ulinikataza, nami niliitikia ndiyo. Lakini nilikuwa nimesoma kwenye kitabu cha kemia kwamba ipo metali inayotiririka kama maji, nikataka kuishika. Mjomba alinifukuza mara mbili, nikarudi. Alipoichoma kikaangoni ili dhahabu ibaki, nilisimama karibu nikitazama moshi.

Sasa niambie, mgongo wa bibi unaendeleaje? Mahindi mmeshapalilia? Mimi sijambo. Nakuambia hilo mapema ili usome yanayofuata bila hofu.

Matroni wa shule alikupigia simu kwamba kichwa kinaniuma upande mmoja na kwamba ananipeleka Musoma kupimwa. Yaliyonipata baadaye hakuyajua. Jumatatu nililazwa kwenye kitanda chembamba kikaingia ndani ya pete kubwa inayonguruma. Picha zikatoka, tukaambiwa daktari wa kuzisoma atakuwepo Alhamisi. Matroni alinipa bahasha akasema nisiifungue. Kwenye basi alisinzia, nikaifungua.

Filamu ilikuwa na vichwa vingi vidogo vimepangwa safu safu, kila kimoja kama kitunguu kilichokatwa katikati. Niliiinua dirishani. Mfupa ulikuwa mweupe pembeni, ubongo kijivu, na katikati kabisa palikuwa na nukta nyeupe ya mviringo. Mama, ilifanana na tone la zebaki. Niliamini imepanda kupitia puani hadi ubongoni, ikakaa humo.

Siku tatu sikula vizuri. Nyangi, anayelala kitanda cha juu yangu, alinitania, "Bhoke, wameona nini humo? Si vitabu tu?" Nilicheka kidogo, kisha nikajifunika shuka.

Alhamisi daktari, mzee mwenye miwani, alibandika filamu kwenye kisanduku cha taa. Nilimuuliza kabla sijaishiwa ujasiri.

"Daktari, zebaki huonekanaje kwenye picha?"

Aligeuka. "Unatoka wapi, binti?"

"Genkuru, karibu na machimbo."

"Basi nimeelewa. Watu wa kwenu huniuliza kama nimeona dhahabu. Wewe ni wa kwanza kuuliza zebaki."

Nilimwonyesha ile nukta. Akasema, "Hii ni chokaa. Katikati ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mtama, na chokaa hujikusanya humo kadiri watu wanavyokua. Hata mimi ninayo. Metali ingerusha mistari kama miale, ingeharibu picha." Halafu akaacha kutabasamu. "Lakini sumu ya ule moshi picha hii haiwezi kuionyesha. Usiusogelee tena."

Akateremsha kidole hadi chini ya jicho. Pale, kila upande wa uso, kuna uwazi wenye hewa, na hewa huonekana nyeusi pichani. Wangu mmoja ulikuwa wa kijivu, umejaa usaha. Nikasema, "Lakini hilo ni shavu la kushoto, mimi naumwa kulia." Akanieleza kwamba picha hizi husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, kwa hiyo kulia kwake huwa kushoto kwako. Mzizi wa gego bovu la juu ulikuwa umefika hadi humo. Jino, Mama. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nani atachukua madaftari yangu.

Usimgombeze mjomba. Mwombe tu akitoe kile kikaango jikoni, maana watoto wake hucheza pale. Mpe bibi shikamoo yangu, na baba mdogo anayetuangalizia ng'ombe, na umwambie mdogo wangu wa mwisho kwamba nitamletea kalamu ya rangi.

Baada ya kutoka kwa daktari, matroni alinipeleka chumba cha meno. Niling'olewa gego, nikapewa dawa za siku saba, nikauma pamba hadi tukafika Issenye. Nilikunywa uji uliopoa, nikalala. Leo asubuhi niliandika barua ya kukueleza habari za jino peke yake. Nikaisoma, nikaichana, nikaandika hii.

Mwanao anayekupenda,
Bhoke