Ubao wa Mama Mkwe

Twila, nimeumbuka! Uso sina pa kuuficha.

Unajua nilivyoichoka sebule yetu yenye mapambo ya kishambani. Leo nimepaka kuta rangi mpya, nikautoa ukutani ule ubao ulioandikwa "Karibuni Nyumbani", nikauweka kando ya barabara na kikaratasi: CHUKUA BURE.

Mchana mama mkwe akaingia kaukumbatia. Anacheka! "Mwanangu, ona bahati! Nimeokota ubao kama ule niliokuchongea harusini!"

Nikageukia ukuta na brashi yangu, nikajifanya napaka.

Akaugeuza. Nyuma kuna mwandiko wake mwenyewe, na jina langu: Kwa binti yangu Lorene.

Hakunigombeza. Twila, hakunigombeza! Kaniuliza tu, taratibu, "Niuweke wapi, mwanangu? Ukutani, au niurudishe barabarani?"

Bado yuko sebuleni anangoja jibu. Mimi nimejifungia bafuni.